Mambo ya Kuzingatia Kabla Mzigo Wako Haujakutana na Sheria Mpya za Forodha

Mfanyabiashara mdogo akisikia sheria za forodha zimebadilika, huuliza kwanza ushuru umepanda kiasi gani. Ni swali la haki, ila si la kuanzia. Kiwango cha ushuru hupatikana mwishoni, forodha ikishajua mambo manne: kitu chenyewe ni nini, kimetengenezwa wapi, kina thamani gani, na nani anabeba jukumu la kukiingiza. Mizigo midogo ninayoiona ikikwama, mara nyingi haikwamishwi na ukubwa wa ushuru. Inakwama kwa kuwa mojawapo ya hayo manne liliandikwa kivivu, na sheria ya zamani ilikuwa ikiufumbia macho uvivu huo.

Marekani ni mfano wa karibu. Kuanzia mwaka 2016, kifurushi chenye thamani isiyozidi dola 800 kiliingia huko bila ushuru na kwa makaratasi machache. Msamaha huo uliondolewa kwa bidhaa za China na Hong Kong tarehe 2 Mei 2025, kisha ukasitishwa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti mwaka huo huo. Muuzaji aliyezoea kuandika "mkoba" na kubandika stempu akajikuta anaulizwa mkoba umetengenezwa kwa malighafi gani na umeshonwa nchi gani. Posta zenyewe zilishikwa pabaya: siku chache baadaye Umoja wa Posta Duniani ulisema mashirika 88 yamesitisha huduma zote au baadhi za kwenda Marekani, na vifurushi vya posta vya kwenda huko vimepungua kwa asilimia 81. Kwa hiyo kama unategemea njia moja tu ya kusafirisha, fungua akaunti kwa msafirishaji wa pili mapema, hata kama bei yake ni ya juu na huna mpango wa kumtumia leo.

Tangazo la sheria mpya likitoka, soma tarehe kabla ya kusoma kiwango. Kwa kawaida siku inayohesabika ni ile mzigo unapoingizwa katika nchi ya mnunuzi, si siku ulipoutuma. Kifurushi kilichoondoka kwako wiki mbili kabla kinaweza kufika na kukuta mambo mengine kabisa. Baadhi ya matangazo huweka nafuu kwa shehena iliyokwisha kupakiwa melini kabla ya siku fulani, lakini nafuu hiyo haiji yenyewe, hudaiwa kwa hati ya kupakia yenye tarehe. Na litafute tangazo lenyewe la serikali. Muhtasari unaosambaa mitandaoni huacha vifungu vya msamaha, na pengine wewe unaguswa na hivyo hivyo vilivyoachwa.

Kitu na jina lake

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko pengine pote. Bidhaa inayovuka mpaka hutambulika kwa namba ya HS, mfumo wa Shirika la Forodha Duniani ulioanza kutumika mwaka 1988 na unaofuatwa leo na nchi na maeneo zaidi ya 200. Tarakimu sita za mwanzo ni zile zile kila mahali. Zinazofuata kila nchi huongeza zake. Marekani na Umoja wa Ulaya hufikia tarakimu 10 kwa bidhaa zinazoingia.

Chukua mkoba wa mkononi wa mwanamke. Mikoba, masanduku ya safari na jamii yake yote iko chini ya 4202. Mkoba wa mkononi ukiwa na uso wa nje wa ngozi, unakuwa 4202.21. Uso wa nje ukiwa wa plastiki au kitambaa, unakuwa 4202.22. Bitana haina usemi, wala vishikizo. Sasa mshonaji ameamua kuacha ngozi halisi na kutumia ile ya plastiki kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Kwa mteja mkoba ni ule ule, picha ni ile ile, na kwenye ankara neno "ngozi" limebaki kama lilivyokuwa. Kwa ofisa wa forodha hiyo ni bidhaa nyingine yenye kiwango kingine, na ankara sasa inasema uongo, hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya.

Kwa hiyo kabla ya chochote kaa na kila bidhaa unayouza nje, uandike sentensi moja inayoeleza imetengenezwa kwa malighafi gani, ni ya matumizi gani, na kama ni mpya au imetumika. "Mkoba wa mkononi wa mwanamke, uso wa nje ngozi ya ng'ombe, bitana ya pamba, mpya, vipande 12." Sentensi hiyo ndiyo iende kwenye ankara, kwenye fomu ya posta na kwa wakala wa forodha, bila kubadilika njiani. Mfumo wa Umoja wa Ulaya unaopokea taarifa za shehena kabla haijafika, ambao ulianza Machi 2021 kwa posta na vifurushi vya haraka vya ndege na baadaye ukaenea kwa mizigo mingine, haukubali maelezo ya jumla jumla kama "vipuri" au "shehena mchanganyiko". Kompyuta inayakataa kabla binadamu hajayaona, na hapo hakuna wa kumbembeleza.

Wengine hudhani namba ya HS ni kazi ya wakala, yeye atajua. Wakala anajua mfumo, hajui mkoba wako. Ukimpa neno moja atachagua namba inayofanana na neno hilo, na ikibainika kuwa si yenyewe, deni humfuata aliyetajwa kuwa mwagizaji. Ukiwa na bidhaa yenye utata, omba forodha ya nchi unayouzia itoe uamuzi wa awali kwa maandishi kuhusu namba yake. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, unazitaka nchi wanachama kutoa uamuzi wa namna hiyo, na unazibana kuufuata zikishautoa. Wafanyabiashara wadogo wanaoitumia haki hii ni wachache mno, wakati wao ndio wangeumia zaidi kwa mzigo mmoja kuzuiwa.

Namba zenyewe pia huhama. Toleo linalotumika sasa lilianza Januari 2022, na linalofuata limepangwa kuanza tarehe 1 Januari 2028. Usinakili namba kutoka ankara ya miaka mitatu iliyopita bila kuitazama.

Jinsi unavyochanganya bidhaa ndani ya boksi moja nayo itaanza kuwa na bei. Desemba 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana kutoza, kuanzia tarehe 1 Julai 2026, ushuru wa euro 3 kwa bidhaa zilizo katika vifurushi vya thamani ya chini ya euro 150, ambavyo kabla ya hapo havikulipiwa ushuru wa forodha. Hesabu haifanywi kwa kifurushi bali kwa kila aina ya bidhaa kwa namba yake. Mkoba wa ngozi na wa kitambaa ndani ya boksi moja ni aina mbili, yaani euro 6.

Asili ya bidhaa si mahali ilipotoka mara ya mwisho

Kosa ninalokutana nalo zaidi ya yote ni mtu kujaza nchi yake kwenye kisanduku cha asili kwa sababu mzigo unatoka kwake. Forodha inauliza bidhaa ilipata sura yake wapi. Ngozi ya ng'ombe iliyokwisha tengenezwa ina namba yake, 4107. Ukiinunua nchi nyingine, ukaikata na kuishona kuwa mkoba wa 4202, namba imehama, na chini ya mikataba mingi ya biashara kati ya nchi na nchi, kuhama huko ndiko kunakoupa mkoba asili ya nchi yako. Lakini ukinunua mikoba iliyokwisha kushonwa, ukaipachika nembo yako na kuitia kwenye boksi zuri, hakuna kilichohama. Mkoba unabaki na asili ya ulikoshonwa, pamoja na ushuru wa huko.

Wafanyabiashara wa Uingereza waliyaonja haya baada ya nchi yao kutoka katika muungano wa forodha wa Ulaya mwisho wa mwaka 2020. Mkataba uliofuata ulitangazwa kuwa hauna ushuru, na wengi wakasikia hapo tu. Sharti lilikuwa bidhaa iwe na asili ya Uingereza au ya Umoja wa Ulaya. Aliyeleta bidhaa kutoka Asia, akaziweka ghalani Uingereza kisha akampelekea mteja Ufaransa, alikuta ushuru unadaiwa kama kawaida.

Kabla ya kumwahidi mteja nafuu ya mkataba wowote, muulize msambazaji wako akuandikie malighafi yake ina asili gani, na uhifadhi barua hiyo. Kumwomba baada ya forodha kukuuliza ni kazi ngumu. Huenda amebadilisha simu, au hana tena haja na biashara yako.

Thamani, na hesabu inayowashangaza watu

Tuseme mzigo una thamani ya 1,000, usafiri ni 150 na bima ni 10. Ushuru ni asilimia 10, na kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 20. Wengi hupiga asilimia 10 ya 1,000, wakasema ushuru ni 100. Katika Umoja wa Ulaya hesabu huanza na thamani ikiwa pamoja na usafiri na bima hadi kwenye mpaka wa umoja huo. Tukichukua kwamba gharama zote hizo ni za hadi mpakani, tunaanzia 1,160. Ushuru ni 116. Kodi ya ongezeko la thamani nayo hutozwa juu ya jumla ya vyote hivyo, 1,276, ambayo ni 255.20. Zinazodaiwa mlangoni ni 371.20, bila ada ya msafirishaji kwa kukugomboa mzigo. Marekani kwa upande wake haiingizi nauli ya kimataifa katika thamani ya forodha. Kwa hiyo usiibebe hesabu ya soko moja ukaipeleka lingine.

Sampuli na zawadi zina thamani pia. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika sifuri kwenye ankara ya sampuli, nikidhani kwa kuwa sikuziuza basi hazina bei. Zililala ghalani siku tisa tukiandikiana, na tozo ya ghala ikazidi gharama ya kuzitengeneza. Andika bei ambayo ungeziuza, kisha ongeza kwamba hazilipiwi na ni kwa ajili ya forodha tu.

Nani anasimama mlangoni

Mteja aliyelipa bei yote mtandaoni halafu akadaiwa tena na mleta kifurushi, hukikataa. Kifurushi kinarudi kwa gharama zako, wakati mwingine na ushuru wa kurudi juu yake. Masharti ya Incoterms ya mwaka 2020, yaani masharti ya kimataifa yanayogawa gharama na majukumu kati ya muuzaji na mnunuzi, ambayo ni 11, yapo kwa ajili ya kulimaliza jambo hili mapema. Kwa DAP unafikisha mzigo, mnunuzi analipa ushuru na kodi za kuingiza. Kwa DDP unalipa wewe. Wauzaji wadogo hupenda DDP kwa kuwa inampendeza mteja, bila kuuliza kwanza kama sheria ya nchi ile inamruhusu mgeni asiye na usajili kuwa mwagizaji, au kama kodi watakayoilipa wataweza kuirudisha. Ukichagua mojawapo, andika na mahali: mji na anwani. Herufi tatu peke yake hazisemi jukumu lako linaishia wapi.

Uliza pia kama bidhaa yako inahitaji mtu wa kuiwakilisha huko. Tangu tarehe 13 Desemba 2024, bidhaa nyingi za kawaida za mlaji zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima ziwe na mhusika aliye ndani ya umoja huo, jina na anwani yake vikionekana kwenye bidhaa, kwenye kifungashio au kwenye hati inayoambatana nayo. Hili halitatuliwi siku ya kufunga boksi.

Mengine ni madogo ila hukwamisha vilevile. Paleti, yaani jukwaa la mbao linalokaa chini ya shehena yako, iwe na mhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wasisafiri ndani ya mbao, unaoonyesha kwa mfano kuwa mbao zilipashwa joto hadi nyuzi 56 za Selsiasi katikati kwa dakika 30. Bila mhuri, shehena safi kabisa inaweza kurudishwa kwa ajili ya mbao. Vitu vya maonyesho vitakavyorudi nyumbani vina hati yao, karneti ya ATA, katika nchi zinazoitambua. Na karatasi zote zitunzwe: Marekani hudai kumbukumbu za uagizaji kwa miaka mitano.

Ukishayapanga haya, usianze na oda kubwa. Tuma boksi moja kwa mteja unayemwamini, kwa njia ile ile utakayoitumia baadaye. Likifika, mwombe akupigie picha ya risiti ya forodha na ya tamko lililowasilishwa kwa jina lake, kisha weka ankara yako pembeni usome mstari kwa mstari: maelezo, namba, nchi, thamani. Mahali ambapo yako na yao hayalingani, mpigie wakala simu siku hiyo hiyo, boksi likiwa bado ni moja.