Paneli za mlango zimevimba kwenye Corolla ya zamani? Anza na maji, reksini baadae

Wakuu, kama una Corolla ya KE20, KE30 au KE70 hapa Mbeya najua paneli za milango zishaanza kujikunja kwa chini, reksini inabanduka na hadibodi ya ndani, yaani ule ubao mwembamba wa paneli, ukiigusa inameguka kama biskuti iliyolowa chai. Wengi tunakimbilia Mwanjelwa kwa fundi viti avalishe reksini mpya juu ya ubao uleule, kiangazi chote gari inapendeza, mvua zikianza tu hali inarudi palepale.

Ugonjwa hauko kwenye reksini. Mpira wa chini ya kioo ukichoka maji yanaingia ndani ya mlango, na mlango umetengenezwa uyapitishe, ndo maana chini una vitundu. Kinacholinda ubao ni ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli, sasa nenda kaangalie yako kama ipo, mara nyingi fundi redio aliichana akipitisha waya za spika na hakuirudisha.

Kutoa paneli: funga kioo, piga picha mkono wa kupandishia kioo umekaaje. Nyuma yake kuna klipu ndogo ya waya, usiipige na bisibisi, pitisha kitambaa chembamba katikati ya mkono na paneli ukivute huku na huku kama unang'arisha kiatu, klipu inachomoka, na inaruka kweli kwa hiyo weka mkono karibu. Skrubu za kishikio zikitoka, ingiza bisibisi bapa iliyozungushiwa tambara PEMBENI kabisa ya kila klipu ya paneli, ukibinua katikati ya klipu na klipu ubao unachanika.

Zibua vitundu vya chini kwa waya. Kata nailoni nene, ibandike na utepe wa pande mbili, ila ule ukingo wa chini uingize ndani ya uwazi wa mlango ili maji yadondokee ndani, ukiuacha nje kazi yote bure.

Ubao mpya ni hadibodi ya milimita 3. Chora kwa kufuata wa zamani, na kama wa zamani umeoza chini tumia wa mlango wa upande wa pili ukiwa umeugeuza. Paka rangi ya mafuta pande zote, kingo mara mbili.

Reksini chukua ya gari, yenye kitambaa nyuma, ya makochi jua linaipasua. Kama unataka ile mistari ya kiwandani mpe fundi aishone pamoja na sponji nyembamba kabla hujabandika. Gundi ya kontakti paka pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa haishiki kidole ndo uunganishe, na Juni Julai kwa baridi ya huku usifanye asubuhi, ianike reksini juani kwanza ilainike. Acha sentimita 3 za kukunjia nyuma, anza katikati ya upande mrefu ukielekea kwenye pembe, kwenye kona kata vipembe vya V la sivyo inafanya mafundo. Tundu la mkono wa kioo toboa mwisho, kamsalaba kadogo tu.

Kabla ya kugonga klipu pandisha shusha kioo, jaribu loki, halafu mwaga jagi la maji kwenye kioo kwa nje. Yakitokea chini ya mlango na nailoni ikabaki kavu upande wako, gonga klipu. Yakichuruzika kwa ndani, bandua ule ukingo wa chini uanze upya.