Mchaichai: kata, gawa, usiuache ukazeeka

Mchaichai ukiachwa miaka mitatu minne bila kuguswa hujisonga wenyewe. Machipukizi mapya hutokea pembeni tu, katikati hujaa mabua makavu yasiyo na harufu, na mwenyewe huanza kulaumu udongo. Mara nyingi udongo hauna kosa. Shina limezeeka, linataka kung'olewa na kugawanywa.

Kwanza tuseme namna ya kuupata. Mchaichai huu wa chai hautoi maua ila kwa nadra, kwa hiyo usihangaike kutafuta mbegu. Omba kwa jirani, au nunua sokoni mabua ambayo kitako chake hakijakatwa juu sana. Bua lililokatwa juu ya kitako halichipui hata ulibembeleze vipi. Kama kitako hakina mizizi, lisimamishe kwenye glasi yenye maji ya vidole viwili, ubadilishe maji kila baada ya siku moja au mbili. Wiki mbili tatu zinatosha kuona mizizi myeupe. Ukichukua kwa jirani, angalia pia rangi ya kitako. Kikiwa chekundu-zambarau, yaelekea ni ndugu yake, sitronela, ambaye mafuta yake hutumika kufukuzia mbu. Huyo si wa chai.

Panda mvua zinapoanza, masika au vuli, mahali penye jua la kutosha. Kivulini majani hurefuka yakalala, na harufu hupungua. Kabla ya kupanda punguza majani yabaki kama shubiri moja, maana mizizi michanga haiwezi kuyanywesha majani marefu. Changanya udongo wa shimo na samadi iliyooza vizuri, fukia kitako tu, kisha shindilia kwa mkono. Kati ya shina na shina acha sentimita 60 hadi 90. Patakuwa wazi mwanzoni, lakini usishawishike kubananisha.

Asiye na kiwanja atumie ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini. Matundu hayo ni ya lazima: mchaichai hupenda maji lakini haustahimili kusimama ndani yake, kitako huoza. Wa kwenye ndoo humwagiliwa mara nyingi zaidi kuliko wa ardhini, na hugawanywa mapema, mara mizizi ikishajaa ndoo.

Magonjwa si mengi. Linalosumbua zaidi ni kutu, yaani vidoa vya rangi ya kahawia kwenye majani, hasa pakiwa na unyevunyevu na mashina yamesongamana. Kata majani yaliyougua uyachome, acha hewa ipite, na mwagilia chini badala ya juu ya majani. Sioni sababu ya kupulizia dawa kiungo ambacho jioni kitaingia kwenye birika.

Mavuno huanza baada ya miezi minne hadi sita. Wengi huchuma jani moja moja, leo hapa kesho pale. Ni afadhali kukata sehemu ya shina kwa mpigo, shubiri moja hivi juu ya ardhi, kwa kisu kikali. Kingo za majani huchana, kwa hiyo vaa mikono mirefu. Majani ya ziada kausha kivulini, si juani, kwani jua kali huondoa mafuta yenye harufu. Yakishakauka weka kwenye kopo lenye kifuniko. Makavu mabaya yatandaze chini ya shina kuhifadhi unyevu.

Wakati wa kugawa, ng'oa shina lote kwa jembe, pasua kwa panga vipande vyenye mabua mawili matatu na mizizi yake, tupa cha katikati, panda vya pembeni.

Jikoni wengi wetu tunatumia majani tu, na tunayachemsha mno. Tia majani kwenye maji, yachemke dakika tano, ndipo uweke majani ya chai na kuepua. Ukivichemsha vyote pamoja nusu saa, utakunywa uchungu wa chai na harufu ya mchaichai imekwisha kwenda na mvuke. Na kwa kuwa wapo wanaounywa kama dawa ya homa: unywe upendavyo, lakini homa ikikushika nenda kapime malaria.

Utamu hasa wa mapishi umo kwenye kitako cheupe. Kwa samaki wa nazi, chukua mabua mawili, menya maganda ya nje, kata sehemu ya chini ya urefu wa kiganja, uiponde kwa mchi ipasuke bila kusagika. Kaanga na kitunguu, thomu na tangawizi, weka nyanya, halafu tui jepesi. Likichemka dakika kumi, harufu itakuwa imekwisha ingia. Hapo tia samaki uliyemkaanga, malizia na tui zito kwa moto mdogo, kamulia ndimu ukishaepua. Toa mabua kabla ya kupakua. Nyuzi zake hazitafuniki. Kwa wali wa nazi, funga majani mawili fundo, yatumbukize wakati wa kutia mchele, uyaopoe wali ukiiva.