Kabla hujanunua pampu ya petroli ya Hiace kuukuu, pima ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi)

Wiki mbili zilizopita mzee mmoja mnunuzi wa asali aliingia hapa Tabora gari lake likivutwa kwa kamba nyuma ya Fuso. Ni Hiace ya petroli, injini ya 2RZ-E. Viti vyote vya nyuma alishavitoa akaweka kitanda cha mbao, jiko la gesi na rafu ya ndoo, maana akienda Sikonge na Inyonga analala humohumo. Lilimzimikia porini baada ya Ipole. Pampu ilishabadilishwa mara mbili. Akaniambia, "Fundi, nikinunua ya tatu nitakuwa nimenunua gari jingine."

Sikumcheka. Miaka ya nyuma nilimfungia mteja pampu tatu kwa siku moja, na kosa lilikuwa hilihili nitakaloeleza kwenye hatua ya tano.

Hatua ya 1: injini gani?
Kama yako ni dizeli ya 2L au 3L, mwongozo huu haukuhusu. Zile hazina pampu ya umeme kwenye tenki.

Hatua ya 2: fyuzi
Angalia fyuzi ya EFI, yaani mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme. Imeungua? Weka nyingine ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye kifuniko cha boksi. Ikiungua tena, kuna waya umeshoti mahali, na kwenye gari lililotengenezewa kitanda mtuhumiwa wangu wa kwanza ni skrubu ya seremala. Ukifunga waya wa shaba mahali pa fyuzi, tusilaumiane gari likishika moto.

Hatua ya 3: sikiliza, lakini usidanganyike
Vijana wengi hufungua swichi, hawasikii mlio, wanatangaza pampu imekufa. Magari mengi ya Ulaya pampu hulia sekunde moja au mbili ukifungua swichi. Toyota hizi za zamani hazifanyi hivyo. Rilei ya pampu (swichi inayoendeshwa na umeme) hufunga saketi unapopiga stata na injini inapozunguka tu. Kwa hiyo mtu apige stata, wewe utege sikio kwenye mdomo wa tenki. Sigara mbali.

Hatua ya 4: unga FP na +B
Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi cha kupimia chenye matundu mengi. Ndani ya kifuniko chake kila tundu limeandikwa jina. Fungua swichi bila kuwasha injini, kisha unga FP (waya wa pampu) na +B (umeme wa chanya) kwa kipande kifupi cha waya. Soma majina mara mbili, usiingie tundu la jirani.

Pampu ikilia hapa, na kwenye stata hailii, tafuta kosa kwenye rilei ya pampu au amri inayoiendea. Isipolia, au ikilia kichovu, endelea chini. Kama +B yenyewe haina umeme, rudi kwenye rilei kuu ya EFI.

Hatua ya 5: pima pampu ikiwa inafanya kazi
Hapa ndipo nilipopoteza siku yangu. Nilichomoa soketi ya pampu, nikaweka mita, ikasoma volti 12.4. Nikasema umeme upo, pampu ni mbovu. Mita ilisema kweli, ila swali langu lilikuwa la kijinga. Mita haivuti umeme wowote wa maana. Waya uliobaki uzi mmoja, au bolti iliyooza kwa kutu, itapitisha volti 12 safi kabisa mradi hakuna kinachovuta. Pampu ikianza kuvuta ampea nne, ohm moja tu ya kutu inakula volti nne.

Ndiyo maana naamini taa kuliko mita kwenye kipimo cha haraka. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunge waya mbili, ichomeke kwenye soketi ya pampu badala ya pampu, FP na +B zikiwa bado zimeungwa. Ikiwaka kwa nguvu, njia ni nzuri. Ikiwaka nyekundu kama kaa la mkaa, umepata mgonjwa. Zile tesita za taa ndogo za LED sizitaki gereji kwangu. Zinawaka hata kwa umeme wa kubahatisha.

Kujua ugonjwa uko upande upi, sasa chukua mita. Rudisha soketi, FP na +B zikiwa zimeungwa na pampu ikizunguka. Ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi, kando ya waya. Usitoboe ganda la waya, maji yataingia na masika utarudi kwangu. Pima mara tatu:

Kati ya nyaya mbili za pampu. Kwa mzee nilipata 8.1.

Kutoka chanya ya betri hadi waya wa chanya wa pampu: 0.4. Inavumilika kwa gari la umri ule.

Kutoka waya wa ethi wa pampu (kwenye Toyota huwa mweupe wenye mstari mweusi) hadi hasi ya betri: 3.9. Hapo ilitakiwa isizidi 0.2 hivi.

Jumlisha, unapata zile 12.4 zako zote. Hakuna iliyopotea, ila 3.9 zilikuwa zinapasha moto bolti badala ya kusukuma petroli. Ndiyo maana lilikuwa linawaka vizuri asubuhi, likitembea kwenye vumbi na makorongo kidogo linakohoa na kuzima.

Hatua ya 6: tibu
Nilifuata ule waya hadi kwenye bodi. Waliojenga kitanda walipiga rangi nzito nyeusi chini ya gari lote kuzuia kutu, na bolti ya ethi ikarudishwa juu ya rangi. Nilichomoa hasi ya betri, nikapiga msasa hadi bati likang'aa, nikaweka kichwa kipya cha waya, nikakaza, ndipo nikapaka grisi juu. Nikapima tena: 0.05.

Kitu kingine nilichomwambia: asitembee na tenki karibu tupu. Pampu hupozwa na petroli iliyoizunguka, na ya kwenye madumu ya njiani huja na uchafu wake.

Pampu yake ya kwanza, ile aliyoambiwa imekufa, alikuwa nayo bado. Tuliipeleka nje, mbali na petroli, tukaigusisha betri sekunde moja. Ikazunguka. Iko chini ya kitanda sasa, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, ndiyo spea.