Moto wa kuota kwenye uwanja wa kiwanda: anza na saa ya kuuzima

Juni na Julai huku Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania, baridi inakata masikio. Uongozi ukishatangaza sherehe ya wafanyakazi, swali la kwanza linaloletwa ofisini kwangu ni moja tu: "Afisa usalama, moto tutawasha?" Vijana wanauita bonfaya. Huwa nakubali, ila kwa utaratibu huu.

Hatua ya 1: Panga saa ya kuzima

Kamati hupanga muziki, nyama na soda, halafu moto wanauacha "utazimika wenyewe". Hauzimiki. Kiwanda kimoja nilichowahi kufanya kazi, majivu yalizolewa saa 1 asubuhi yakiwa meupe kabisa, yakatiwa kwenye pipa la plastiki nyuma ya stoo. Saa 5 pipa lilikuwa limeyeyuka kama mshumaa na ukuta wa mabanzi umeanza kufuka moshi. Kaa lililofunikwa na majivu linaweza kukaa na moto zaidi ya siku nzima.

Kwa hiyo, sherehe ikiisha saa 4 usiku, kuni za mwisho ziingie saa 2 na nusu, na kuzima kuanze saa 3 na nusu, watu wakiwa bado wapo. Teua wasimamizi wawili wa moto, majina yaandikwe. Hao hawagusi pombe siku hiyo. Hapo huwa sibembelezi mtu.

Hatua ya 2: Kibali na taarifa

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inambana mwajiri, na wajibu huo hauendi likizo kwa sababu spika zimefungwa uwanjani. Andika tathmini ya hatari, ukurasa mmoja unatosha, na ujaze kibali cha kazi ya moto kama unavyowajazia wachomeleaji. Piga simu kituo cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji siku chache kabla. Waambie pia serikali ya kijiji na majirani wenye mashamba ya miti, maana mwanga wa moto usiku karibu na paini unamwamsha kila mtu. Namba 114 ibandikwe mahali panapoonekana.

Kiangazi kikishakolea, Agosti hadi Oktoba, mimi siwashi kabisa. Choma nyama kwenye jiko la mkaa, inatosha.

Hatua ya 3: Mahali

Nenda ukapaangalie saa ileile ambayo moto utawaka, siyo mchana tu, kwa sababu upepo hubadilika. Funga utepe kwenye kijiti uone unaelekea wapi. Mimi huacha mita 20 kutoka jengo lolote, na zaidi ya hapo kutoka kwenye mitungi ya gesi, tangi la dizeli na magogo yaliyopangwa. Juu kusiwe na waya wa umeme. Usizibe njia ya gari la zimamoto wala mahali pa kukusanyikia.

Kwenye kiwanda cha mbao kuna mtego mwingine: unachodhani ni ardhi kumbe ni maranda ya miaka kumi yaliyoshindiliwa. Moto hutambaa chini kwa chini na kutokea mbali na ulipouwasha. Chimba kwa jembe hadi uone udongo mwekundu. Kama ni sakafu ya zege, mwaga kwanza tabaka nene la mchanga, la sivyo zege litapasuka na kurusha vipande. Mawe ya mtoni nayo usiyazungushie moto. Yana maji ndani, yakichemka jiwe linalipuka.

Hatua ya 4: Kuni

Miwati iliyokauka ndiyo bora. Paini ina utomvu, inarusha cheche. Rundo lisipite kiuno cha mtu mzima.

Kitu ambacho sitaki kukiona kwenye rundo ni vipande vya nguzo za umeme. Vile vyenye rangi ya kijani vimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki hiyo inatoka na moshi na kubaki kwenye majivu. Vyeusi vinavyonuka lami navyo weka kando. Plaiwudi, mbao zilizopakwa rangi na matairi pia hapana. Paleti itazame muhuri: HT imetibiwa kwa joto, MB imepigwa gesi ya sumu, iache.

Hatua ya 5: Kuwasha

Petroli isikanyage hapo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini hadi miguuni pako, na ukiwasha kiberiti unawaka na wewe. Tumia maranda makavu na vijiti, upepo ukiwa mgongoni. Kama rundo lilipangwa jana, lifumue kwanza. Paka hupenda kulala humo.

Hatua ya 6: Moto ukiwaka

Zungusha kamba mita 4 kutoka kwenye moto, ndani waingie wasimamizi peke yao, wamevaa ovaroli za pamba. Viakisi na jaketi za nailoni huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Mpira wa maji ufunguliwe na kujaribiwa kabla, ndoo za mchanga ziwe karibu. Mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dioksidi usiutegemee: unaua mwali, kaa linabaki hai.

Nguo ikishika moto: simama, lala, bingirika. Aliyeungua apoze jeraha kwa maji ya bomba yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno ibaki bafuni.

Hatua ya 7: Kuzima

Tawanya makaa kwa koleo, mwaga maji kidogo kidogo, songa kama uji mzito, mwaga tena. Sikiliza: yakiendelea kutoa "chiii", bado. Pitisha mgongo wa mkono juu yake. Ukihisi joto, rudia. Mlinzi apite kila saa na kuandika kwenye kitabu cha zamu. Majivu yakae kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, mbali na ukuta, siku mbili.

Kesho yake saa 6 mchana narudi na koleo. Nikichimba katikati na kukuta udongo wa baridi, ndipo nasaini kufunga kibali.