Chai isubiri kidogo

Kama chakula chako cha mchana ni maharage na mchicha, usikimbilie chai ukiwa bado unafuta mdomo. Majani ya chai yana tanini, kile kitu kinachoipa chai ukakasi, na tanini hung'ang'ania madini ya chuma, yale ya kuongeza damu, yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani, yakapita tumboni bila mwili kuyafaidi. Kahawa nayo ni vilevile. Ipe kama saa moja hivi. Mimi nilikuwa mtu wa kikombe kando ya sahani ya ugali. Siku hizi chupa ya chai inabaki jikoni mpaka vyombo vioshwe.

Kinachosaidia ni ndimu. Kata nusu, ikamulie mchicha ukiwa tayari sahanini, si sufuriani ukitokota, maana moto huharibu vitamini C, na hiyo ndiyo inayousaidia mwili kuyafyonza hayo madini. Huna ndimu? Kachumbari yenye nyanya na pilipili hoho mbichi inatosha, au chungwa baada ya kula.

Wajawazito na wenye hedhi nzito ndio hasa nawaambia. Na aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki avimeze kwa maji, jamani, si kwa chai.