Ametua, kimetua: namna ya kuandika tukio la kutisha katika riwaya ya fantasia

Kabla hujaandika sentensi ya kwanza, amua unataka msomaji apatwe na nini: wasiwasi, hofu au kinyaa. Wasiwasi ni pale anapohisi mambo hayako sawa na hajui kwa nini. Hofu ni pale anapojua kinachokuja na hawezi kukizuia. Kinyaa ni cha tumboni: funza, usaha, harufu. Wanaoanza kuandika hukimbilia kinyaa kwa kuwa ni rahisi, nacho huishiwa nguvu upesi kuliko vyote. Ukimwaga kikombe cha damu ukurasa wa 10, ukurasa wa 40 utahitaji ndoo. Tukio la maneno 1,200 lijaze wasiwasi, lipe hofu aya mbili tatu, na kinyaa sentensi moja karibu na mwisho.

Fantasia ina shida yake ya pekee. Msomaji ameshakubali kwamba katika dunia yako mawe husema na watu hupaa, kwa hiyo zimwi la vichwa saba halimshtui. Amelitarajia tangu alipoona jalada. Kinachomshtua ni kitu cha nyumbani kilichopinda kidogo. Wazee wa Buganda walilijua hilo. Katika hadithi ya Kintu na Nambi, mume na mke wa kwanza, kifo kinachoitwa Walumbe hakiji kwa radi wala tetemeko. Wawili hao wameonywa wasirudi nyuma, na mmoja anarudi kuchukua ulezi wa kuku, Walumbe akamfuata. Chakula cha kuku tu.

Basi tafuta ulezi wako. Jina peke yake linaweza kutosha. Msomaji wa Uganda akikutana na msichana aitwaye Nakato, haelezwi kwamba ni pacha; jina limeshasema. Nakato ni mdogo, na aliyemtangulia kuzaliwa ni Babirye akiwa msichana, au Wasswa akiwa mvulana. Mlete Nakato sura ya kwanza, na Babirye usimtaje. Sura ya pili Nakato anapakua matoke, anafunika sahani moja na kuiweka kando ya mlango, huku akigombana na kaka yake kuhusu pesa za boda. Sura ya nne mgeni anauliza, "Mwenzako yuko wapi?" na Jaja, bibi yake, anajibu haraka mno kwamba ameruka. Waganda hawasemi pacha amekufa, husema ameruka, na hilo ni neno la heshima. Mwandishi wa fantasia analisikia neno hilo na kuuliza swali la kitoto: aliyeruka hutua wapi?

Hizo ni mbegu tatu, na tatu zinatosha. Ukipanda moja msomaji ataisahau, ukipanda tano atafika kwenye siri kabla yako. Ziachanishe kwa sura nzima angalau, na kila mbegu uifiche ndani ya sentensi yenye kazi nyingine, kama ule ugomvi wa nauli. Mbegu inayokaa peke yake kwenye aya yake hupiga kelele.

Saa na mahali visikuchukue muda mrefu, ila usivikope kutoka nchi za mbali. Uganda imekatwa na ikweta, na hapa hakuna ile jioni ndefu ya vivuli inayosomwa katika vitabu vya Ulaya. Jua huzama kwenye saa kumi na mbili na nusu au saa moja kasoro, na baada ya nusu saa hivi ni giza totoro. Mtu anayeondoka kisimani kukiwa na mwanga anaweza kufika nyumbani haoni mikono yake. Hiyo ni saa yako ya kuhesabia, itumie. Kando ya ziwa una nzi wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi, wingu zima, wakaingia machoni na mdomoni. Msituni una perere, mnyama mdogo wa mitini ambaye usiku huanza kwa kukwaruza koo, kisha hupandisha sauti hadi unadhani kuna mtu anakabwa. Chagua viwili kati ya kusikia, kunusa na kugusa. Kuona kuzime kabisa.

Sasa tukio lenyewe:

Mabati yalilia kwa kishindo kimoja.

"Jaja," Nakato alinong'ona, "nani huyo?"

Jaja alizima taa ya tadooba kwa vidole. Hakupuliza.

"Ametua," alisema.

Juu, hatua moja. Nyingine. Zilielekea upande wa mlango, kwenye sahani. Jaja alisikiliza, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali, kisha akavuta kitenge akamfunika mtoto uso.

"Hapana," alisema. "Kimetua."

Hakuna kucha hapo, hakuna macho mekundu. Kilichobadilika ni silabi moja, na ndiyo iliyobeba tukio zima. Katika Kiswahili hata mnyama kwa kawaida hupewa upatanisho wa mtu. Hata kiboko, ambaye jina lake linaanza na ki-, tunasema "amekuja". Ukiondoa a- na kuweka ki-, umemtoa huyo si kwenye utu tu bali kwenye uhai wenyewe, na kazi hiyo umeifanya bila kivumishi hata kimoja. Lugha nyingi hazina kisu hiki. Sisi tunacho, tunakiacha kabatini na kwenda kuazima "jinamizi la kutisha mno lisiloelezeka".

Kisu hiki hukwama kwa njia mbili. Ya kwanza ni upatanisho uliolegea. Mitaani Kampala watu husema "kitu imeanguka" na maisha yanaendelea, lakini ikiwa msimulizi wako naye amechanganya ngeli kurasa 60 zilizopita, "kimetua" itaonekana ni kosa la chapa tu. Kwa hiyo msimulizi awe safi kuanzia mwanzo. Wahusika waongee wanavyoongea. Mwachie pia mhariri ujumbe, la sivyo atakusahihishia hofu yako yote iwe sarufi sanifu. Ya pili ni kwamba si kila msomaji ana ngeli masikioni. Kwa anayetumia Kiluganda au Kinyankole nyumbani, mabadiliko hayo humgonga papo hapo. Kwa mtu wa Gulu anayeongea Kiacholi, lugha isiyo na ngeli, yanaweza kumpita. Ndiyo maana Jaja anamfunika mtoto uso. Silabi ipate tendo la kuishika mkono.

Vipo vidude vingine vidogo vya aina hiyo. "Hapa pananuka" huonyesha mahali pamoja. "Humu mnanuka" humfungia msomaji ndani na harufu. "Kuna mtu" ni habari, "mle mna mtu" ni sababu ya kutofungua mlango. Mfululizo wa -ka- (akafungua, akaingia, akashika taa) humkimbiza msomaji, nawe ukitaka ajikwae, ukatize kwa hu-: "Huja kila Alhamisi." Tendo la mara moja limegeuka mazoea, na mazoea yana kesho.

Makosa yanayoua tukio hayako mengi. Neno "ghafla" ni la kwanza. Humwonya msomaji nukta moja kabla ya kushtuka. Futa yote uone kama kuna lililopungua. Adui anayehutubia ni kosa jingine, maana mwenye hotuba ana hoja, na mwenye hoja anaweza kujibiwa. Kumbe ilikuwa ndoto: usithubutu. Na kanuni za uchawi wako zisitanuke katikati ya hatari. Kama chumvi haikuwahi kuzuia chochote sura tisa zilizopita, isianze leo kwa sababu shujaa amebanwa.

Kuhusu mizimu na mahali patakatifu pa kweli, tahadhari. Kuna watu wanaopaheshimu hadi leo, na kuna watu waliopigwa au kuuawa kwa kushukiwa tu kuwa wachawi au wala maiti. Usilitie kabila fulani jina hilo. Buni kiumbe chako na jina lake, uchukue kutoka kwenye mila hofu yake tu, anuani uiache. Kumtesa mtoto ili msomaji ashtuke ni njia ya mkato, na wasomaji huinusa.

Rasimu ikikamilika, iache siku tatu, kisha isome kwa sauti usiku, polepole. Palipokufanya uharakishe ndimi zako pana maneno ya ziada. Mpe mtu mmoja asome, na usimuulize kama aliogopa, kwa sababu atajibu ndiyo kwa adabu. Muulize alidhani kulikuwa na nini juu ya paa. Akikuelezea kitu ambacho hukukiandika, chenye miguu na uzito wake, usibadilishe neno. Akisema hajui, rudi kwenye mbegu ya pili, ile sahani. Mara nyingi huwa imefichwa mno. Kisha tazama sentensi ya mwisho ya tukio. Karibu kila rasimu huwa na moja inayoeleza kilichotokea, kwa mfano "Nakato alijua kwamba yule hakuwa tena dada yake." Ikate, umalizie kwenye "Kimetua."