Ginsi ya kuhesabu mwaka yako mbele ya Bonane (ao nyuma yake), kaye na telefone vinatosha

Wiki ya Noeli hapa Goma, ukipita mu kartie saa ya mangaribi utakuta bamama na bapapa wameikala wamezunguka kasanduku ka chuma. Ni avec, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, zenye ziko zinagawana. Kale kasanduku kako na kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na mwenye kulala nako kwake hana ata moja. Wakisha kufungua wanahesabu feza mbele ya wote, wanashika kakitabu ka kila mtu, wanahesabu parti (hisa) zenye alinunua kila juma, moja mpaka tano, hakuna mwenye anauliza "ulijisikia aje mwaka huu?", kakitabu njo kanasema. Alafu ule ule mtu akirudi kwake, siku ya 31 anaikala mu giza anapanga mwaka mupya kwa kichwa tu: nitajenga, nitafungua butiki, nitapunguza mwili, nitasali sana. Kwa kichwa! Feza ya wenzetu tunahesabu na kaye, mwaka yetu wenyewe tunaihesabu na roho.

Mi natumika kushona. Ni miaka kidogo sasa mwaka yangu naihesabu vile avec inahesabu, na niko naandika hapa ginsi nafanya, utachukua chenye kitakusaidia.

Kitu ya kwanza ni siku. Usichague tarehe 31 usiku. Ile usiku kuko misa ao ibada ya kuvuka mwaka, kuko muziki kwa jirani, kuko batoto wenye wanataka soda, na wewe mwenyewe uko na usingizi ao umekunywa. Sisi wenye kushona ndo kabisa, juma mbili za mbele ya Bonane hatulale, kila mtu anataka nguo yake jana. Mi nafanyaka ku siku ya Mungu ya kwanza ya Januari, mu 2026 ilikuwa tarehe 4, asubui sana mbele ya watu kuanza kupanga mabido ku maji. Masaa mbili ama tatu. Kata megabayiti lakini telefone usizime, juu telefone njo shahidi wako mukubwa.

Ndiyo, shahidi. Unaanza na kukusanya wote: mesaji za M-Pesa ao Airtel Money ao Orange Money, mapicha, kakitabu ka avec, marisiti ya masomo ya batoto, fishi ya opitali kama uliugua, ata wasapu ya patroni wako. Usiandike kitu yoyote yenye unakumbuka tu. Kichwa kiko na upendeleo, kinakamata Novemba na Desemba, kinaongeza ile siku ulipata haya sana, inaisha. Unaanza na Desemba unarudi nyuma, mwezi kwa mwezi mpaka Januari, ni rahisi kuliko kuanza mbali, kila mwezi unavuta wenye uko nyuma yake. Na kwa kila mwezi unaandika vitu tatu tu: nini iliingia, nini ilitoka bila kupangwa, na nini ulifanya na mikono yako yenye ingaliko mpaka leo.

Ile ya tatu njo watu wanarukaka, na njo yenye iko na faida kubwa. Mi nilikuwa naapa kama 2025 sikufanya kitu. Si munajua ginsi mwaka ilianza kwetu, mwisho wa Januari vita iliingia mu mji, benki zikafunga, uwanja wa ndege ukafunga, wateja wangu nusu walivuka kwenda Gisenyi, ku Rwanda, wengine walienda mbali kabisa, mi nikaikala na vitenge vya watu vyenye havina mwenyewe. Mu kichwa changu mwaka ilikufa pale pale. Nilipofungua mapicha, nikaona Aprili nilijifunza kukata koti ya mwanaume na karatasi, kitu nilikuwa naogopa miaka yote, picha ya kwanza mabega yamepanda kama ya askari, ya tano yameikala muzuri. Nikaona Agosti na Septemba inifome ya masomo ililipa nyumba. Nikaona binti mwenye nilimupokea kujifunza sasa anapiga pindo bila mi kusimama nyuma yake. Hakuna ata moja yenye ilikuwa mu malengo yangu, lakini njo vyenye vilibakia.

Sasa tafuta kaye ya mwaka jana, kama ulikuwaka na malengo uliandika. Mi nilikuwa na tano za mwanzo wa 2025. Nikaikunja karatasi mara tatu, upande moja nikaandika "mukono yangu", katikati "mukono ya watu", mwisho "mukono ya Mungu". Kufungua konti na kuweka dola 30 kila mwezi: nilifikiri ni mukono yangu, kumbe ilipitia ku mulango wa benki, na mulango ukafungwa na yenye nilikuwa nimeweka ikabaki ndani. Kupata wateja wapya makumi mbili: mukono ya watu. Kununua mashini ya pili Goma itakapotulia: bana, ile ni maombi, si lengo. Kuhamia nyumba ya bloki: mukono ya watu na ya Mungu pamoja. Mu tano, paka moja njo ilikuwa yangu kweli, ya kulala mbele ya saa ine ya usiku, na njo yenye sikufanya (tucheke kidogo).

Hapa njo utaikala sana, usikimbie. Kila lengo yenye imeanguka mu katikati ao mu mwisho, usiitupe, ivute mpaka uone kipande chenye kinaweza kuingia mu mukono yako. "Wateja makumi mbili" haiko yako, lakini "kila juma nashona nguo moja ya kuonyesha, naipiga picha, naituma kwa watu kumi wenye najua majina" ile iko yako, ata kama hakuna mwenye anajibu umeifanya. "Mutoto apite kilasi" haiko yako, ni ya mutoto na mwalimu, yako ni kuikala naye nusu saa na kaye zake mbele ya kula. "Nipate kazi" haiko yako, yako ni barua mbili kila mwezi na mutu moja unaenda kumuona na miguu yako. Inaonekana kidogo, najua. Lakini hapa kwetu mwaka haikuulize ruhusa, na lengo yenye inasimama ku kitu ya mwingine inaanguka siku ile kitu inaondoka, na wewe unabaki unajiita muvivu bure.

Kwa wenye mwaka iliwachukulia mutu: andika jina yake ku ukurasa ya kwanza, alafu funga kaye, ile siku imeisha. Utaendelea juma ingine. Hakuna hesabu ya kufanya juu ya ile.

Basi, turudi ku feza, juu mesaji za telefone zinasema ukweli yenye inauma. Mi nilijumlisha yenye ilitoka bila kupangwa, matanga, michango ya ndoa, ndugu mwenye ameugua, kaka mwenye anaomba transporti, nikakuta imepita feza ya nyumba ya miezi mingi. Ya kwanza nilikasirika nikaandika "2026 sisaidie mutu". Ni uongo mutupu, nitasaidia, mama akinipigia usiku nitasaidia. Avec ilishajua hii kitambo, njo maana iko na mufuko ya sosiale pembeni, kila mutu anatia kidogo kila juma, mutu akiugua ao akifiwa inatoka mule, haigusi akiba. Fanya ivyo kwako. Chukua hesabu ya mwaka yenye imepita, gawa na kumi na mbili, ile njo sosiale yako ya kila mwezi, na ikiisha mu mwezi unasema wazi "yangu imeisha, tuonane mwezi kesho" bila kuapa kama hauna kitu.

Na sosiale si ya feza peke yake. Wakati pia unapashwa kuwekea sosiale. Malengo yangu nayapanga kwa miezi tisa, si kumi na mbili. Avec mingi zinazunguka miezi tisa mpaka kumi na mbili, mi nachukua tisa, ile tatu naiacha bila kuandika kitu, juu najua kuko juma za malaria, kuko juma za matanga, kuko juma zenye hakuna umeme, na kuko juma zenye risasi. Mwaka ikipita bila shida, miezi tatu ya bure, utajifunza kitu ingine.

Kitu ingine kuhusu makuta, hii ni ya sisi wa huku: nyumba tunalipa mu dola, wateja wanatulipa mu franga, na change inapanda inashuka vile inataka. Ukiandika lengo mu franga, mwezi wa sita haiko tena ile lengo. Hesabu na kitu yenye unatoa mu mikono yako. Mi nahesabu na manguo. Nikilipa nyumba dola 50, na nguo moja inaniachia dola 5 nikishatoa uzi na vifungo na umeme, nyumba yangu ni manguo kumi. Mashini ya pili ni manguo 40. Motari anaweza kuhesabu na makurse, mama wa sambaza na mabeseni. Tangu nianze kuhesabu ivyo sijidanganye tena, juu najua mu juma moja mikono yangu inatoa manguo ngapi.

Malengo ngapi? Mbili. Tatu kama uko na nguvu sana. Moja ya kazi, moja ya mwili ao ya nyumba, na ya tatu kama iko, iwe ya mutu, dada mwenye hamusemeshane, mutoto, mzee wako. Wenye wanaandika kumi na mbili mi nawaona kila mwaka na siwaelewe.

Kisha ukisha kuchagua, usiandike "nitajikaza". Andika saa na pahali, na andika kizuizi chenye unakijua tayari. Kuko mwanasaikolojia mudachi, Peter Gollwitzer, mu mwaka 1999 aliandika kama watu wenye wanapanga "kikitokea hiki, nafanya hiki" wanafikia zaidi kuliko wenye wanataka tu kwa roho. Yangu iko hivi: "Nikisharudi ku maji, nakata nguo moja mbele ya kuwasha megabayiti. Umeme ikikatika, sitoke inje kupiga masolo, nachukua kazi ya mukono, vifungo na mapindo." Ile ya pili njo iliniokoa, juu mbele umeme ilipokatika nilikuwa nasema siku imekufa, nafunga. Umeme yetu munaijua, ingekufa mara ngapi mu juma?

Funguo sasa. Kaye ikibaki kwako peke yako umeisha kupoteza, mu Februari utaipa batoto wachorele. Chagua watu watatu, kama wale wa funguo za kasanduku. Si watatu wenye wanakupenda sana, wale watakuambia "usijali, Mungu anajua". Moja awe mwenye anajua feza yako kweli. Moja awe mwenye anakuona kila siku, jirani ao mwenye mnatumika naye. Wa tatu awe mwenye hakuogope, kila familia iko naye, ile shangazi mwenye anasema mbele ya wageni kama umenenepa, yule yule. Kila moja unamuonyesha lengo moja tu, ile yenye inamuhusu, hakuna mutu mwenye anapashwa kuona kaye yote. Mi wangu wa tatu ni yule binti mwenye ananifunzia, hapana, mwenye mi namufunzia, lakini unaona mwenyewe vile mambo yamegeuka. Aliniuliza Oktoba mbele ya muteja: "Mama, ile nguo ya kuonyesha ya hii juma iko wapi?" Nilipata haya mpaka ku visigino, nikaishona ile usiku.

Ya mwisho ni kupanga siku za kurudia kaye, na usipange "kila mwezi", hautafanya. Fuata kalenda yenye inakufuata tayari. Mi narudia mara tatu: Pasaka, yenye 2026 inaanguka tarehe 5 Aprili, ni juma kumi na tatu kutoka tarehe 4 Januari, alafu Julai batoto wakimaliza masomo, alafu mwanzo wa Septemba wakirudia, juu pale njo inifome zinaingia na najua feza itakuwa aje. Kila mara unauliza tu: ingali mu mukono yangu? Kama imetoka, unaivuta tena kipande, ao unaifuta na biki mustari moja, na unaandika pembeni tarehe na sababu. Usichane ukurasa. Ile sababu njo utaisoma Desemba ukiwa unasema kama haukufanya kitu.

Yangu ya 2026 ziko mbili: manguo 40 ya mashini mbele ya Septemba, na kulala mbele ya saa ine, tena. Funguo ya ile ya kulala nimeipa mume wangu, ameisha kuanza kuicheka.